Fedha Hutoka Serikalini, Mtoto Hutoka Nyumbani

Liko neno moja ambalo sisi walimu tumelizoea kama salamu. Matokeo ya mtihani yakitoka nayo ni mabaya, twalisema. Mkutano wa shule ukiitishwa na viti vikabaki vitupu, twalisema tena. Neno lenyewe ni hili: "Wazazi hawajali." Na wazazi nao wana neno lao, walisemalo njiani wakirudi shamba: "Ada imeondolewa, shule ni ya Serikali, basi Serikali na isomeshe." Maneno haya mawili ni ndugu, baba mmoja mama mmoja, maana kila moja lamwondolea msemaji mzigo na kumtwika mwenziwe. Nasi twataka kuyapinga yote mawili, lakini hasa lile la kwanza, kwa kuwa ndilo letu.

Hoja yetu twaichukua mbali, Marekani. Msomaji asishangae. Kule jambo hili limejaribiwa kwa sheria na kwa fedha nyingi tangu mwaka 1965. Likaandikwa, likafutwa, likaandikwa tena, hata leo mtu aweza kulitazama kama atazamavyo nyayo katika udongo mbichi. Tena si nchi ya wageni watupu. Wako ndugu zetu wa Kongo, wasemao lugha hii yetu, waliokaa miaka mingi katika kambi za wakimbizi za Kigoma na za Uganda, kisha wakapelekwa kukaa Marekani, na watoto wao wamo katika shule hizo hizo tutakazozitaja.

Kwanza yafaa kujua jinsi shule za kule zinavyolishwa. Mtu wa huku hudhani kwamba Serikali Kuu ya Washington ndiyo ilipayo yote. La. Sehemu yake aghalabu ni yapata moja ya kumi ya gharama, na mara nyingi haifiki hapo. Zilizobaki hutoka katika serikali za majimbo, na katika kodi ya nyumba na ardhi itozwayo papo hapo penye shule. Basi penye majumba mazuri pana kodi nono na shule nono. Na penye vibanda, hata shule hufanana na vibanda.

Twatoa mfano wa mji wa San Antonio katika jimbo la Texas, kwa mwaka wa shule wa 1967 hata 1968. Hesabu zake zilisomwa mbele ya Mahakama ya Juu ya nchi. Katika wilaya ya shule iitwayo Edgewood walikaa maskini, wengi wao wazao wa watu wa Meksiko. Hawa walijitoza kodi ya dola 1 na senti 5 kwa kila dola 100 za mali yao. Jirani yao ilikuwako wilaya ya Alamo Heights, ya matajiri, nao walijitoza senti 85 tu. Sasa tazama mavuno. Kodi ya Edgewood, iliyo kubwa, iliongeza dola 26 kwa kila mtoto. Kodi ya Alamo Heights, iliyo ndogo, iliongeza dola 333. Ukitia na fedha ya jimbo na ya Serikali Kuu, mtoto wa Edgewood alipata jumla ya dola 356, na mtoto wa Alamo Heights dola 594.

Wewe usemaye kwamba wazazi maskini hawajali, kaa kidogo na hesabu hiyo. Ni nani aliyejitoza zaidi? Ni yule aliye na kidogo. Wala hawakuishia hapo. Mwezi wa Mei 1968 mamia ya wanafunzi wa shule ya sekondari ya Edgewood walitoka madarasani kuandamana kwa sababu ya ubovu wa jengo na upungufu wa walimu. Na wazazi walipofuata kuuliza kulikoni, ndipo walipojua fedha inavyogawanywa. Mwaka huo huo wakaenda mahakamani, na aliyetangulia kwa jina lake ni Demetrio Rodriguez, fundi wa mabati, mwenye watoto katika shule hizo. Kesi ikapanda hata Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1973 wakashindwa kwa sauti moja tu: majaji watano juu ya wanne. Mahakama ilisema Katiba ya nchi haimhakikishii mtoto fedha sawa na ya jirani yake. Wakaanza tena katika mahakama za jimbo, na mwaka 1989 mahakama ya juu ya Texas, majaji wote tisa kwa neno moja, ikasema mgawanyo ule wavunja katiba ya jimbo. Miaka 21 ilipita tangu kesi ya kwanza! Aliyesoma darasa la kwanza ilipoanza alikuwa mtu mzima ilipokwisha. Hao ndio wazazi wasiojali.

Turudi nyuma kidogo, kwenye sheria yenyewe. Tarehe 11 Aprili 1965 Rais Lyndon Johnson alikaa kwenye meza nje ya kijumba cha shule huko Texas, ambako alisoma utotoni, na kando yake aliketi Kate Deadrich Loney, mwalimu wake wa kwanza, naye akatia sahihi sheria ya elimu ya shule za msingi na sekondari. (Twapenda kukumbusha kwamba Johnson mwenyewe aliwahi kuwa mwalimu, mwaka 1928 alifundisha watoto maskini wenye asili ya Meksiko katika mji wa Cotulla. Si kila mkubwa aliyetoka katika kazi yetu huikumbuka hivyo.) Fungu la Kwanza la sheria hiyo ndilo lililo kubwa kuliko mengine: Serikali Kuu itatoa fedha ya nyongeza kwa shule zenye watoto wengi wa maskini. Fungu hilo liko hata leo. Mwaka 2023 lilitengewa zaidi ya dola bilioni 18.

Fedha ikatoka. Je, ilimfikia mtoto? Mwaka 1969, yaani baada ya miaka minne tu, Ruby Martin na Phyllis McClure walitoa taarifa iliyouliza kama fedha ile yawasaidia kweli watoto maskini. Walikuta mahali pengi imemwagwa kwa shule zote, tajiri na maskini, kana kwamba ni mvua. Mahali pengine imenunua vyombo visivyohusiana na mtoto maskini hata kidogo, na pengine imejenga mabwawa ya kuogelea. Wala haikuibwa na wevi wa usiku. Ilitumiwa mchana, na wakubwa wa elimu wenye vyeti, walioandika kila kitu vitabuni. Ila wazazi wa watoto wale hawakujua kwamba fedha ipo, wala ni ya nani, wala imekwenda wapi.

Hapo ndipo watunga sheria walipojifunza jambo ambalo twataka wasomaji wetu walishike: kwamba mlinzi wa fedha ya mtoto ni yule anayelala nyumba moja na mtoto. Mwaka 1974 wakaamuru kwamba kila shule ipatayo fedha ya Fungu la Kwanza iwe na baraza la wazazi, na wengi wa wajumbe wake wawe wazazi wa watoto wanaohusika. Mwaka 1978 wakalitia nguvu zaidi. Halafu, mwaka 1981, wakati wa Rais Ronald Reagan, amri ya mabaraza ikafutwa, kwa kusema kwamba ni mzigo wa makaratasi. Mwaka 1988 sheria ikawarudia wazazi, lakini kwa sauti ya chini: washirikishwe, waulizwe. Mabaraza yenye amri hayakurudi.

Mwaka 1994 likaja jambo jipya, hati ya mapatano baina ya shule na mzazi. Shule huandika itakayofanya, na mzazi huandikiwa atakayofanya: ahimize mtoto ahudhurie, atazame kazi ya nyumbani, na kadhalika. Kisha sheria ikasema kwamba wilaya ipatayo zaidi ya dola 500,000 za Fungu la Kwanza itenge walau sehemu moja ya mia kwa ajili ya wazazi. Na tangu sheria ya mwaka 2015, sehemu 90 katika kila 100 za fedha hiyo ziende shuleni, kwa kutazama kwanza shule zenye uhitaji mkubwa.

Haya ni mema, hatuyadharau. Lakini sisi ni watu wa hesabu, na tuhesabu. Chukua wilaya ipatayo dola 600,000. Moja ya mia ni dola 6,000. Sehemu tisini kwa mia ya hizo ni dola 5,400. Ikiwa shule ni kumi, kila moja yapata dola 540 kwa mwaka mzima. Kwa bei za kule, hiyo ni fedha ya chai na maandazi! Kisha wakubwa wapimao hivi ndio wanaoshangaa kwamba wazazi hawaji.

Na hati ile ya mapatano? Hakuna agizo lililo rahisi kutimizwa kwa kalamu peke yake kama hili. Karatasi yatumwa katika mkoba wa mtoto, yatiwa sahihi, yarudi, yafungiwa kabatini. Na mkaguzi akija ataikuta. Twauliza: mapatano gani ambayo upande mmoja uliandika peke yake, ukampa mwenziwe kalamu atie sahihi? Huku kwetu hata mahari hayapatanwi hivyo. Pande zote mbili huketi, maneno hupelekwa na kurudishwa, na wazee hushuhudia.

Tena sheria yenyewe ina hekima kuliko wengi wanaoitumia. Imesema mikutano iwekwe kwa saa mbalimbali, asubuhi au jioni, na kwamba fedha yaweza kulipia usafiri wa wazazi, na utunzaji wa watoto wadogo wakati wa mkutano, na safari za walimu kwenda majumbani. Imesema habari zitolewe kwa lugha ambayo mzazi aifahamu, kadiri iwezekanavyo. Basi mwalimu mkuu aitishaye mkutano saa nane za mchana, siku ya kazi, kwa barua ya Kiingereza kilichonyoka, kisha akaandika katika kitabu chake "wazazi hawakufika", huyo asiseme sheria imemfunga mikono.

Juu ya lugha twataka kukaa kidogo, kwa sababu ya wale ndugu zetu. Mfikirie mama aliyetoka Fizi au Uvira, afanyaye kazi ya usiku katika kiwanda cha nyama, aliyeitwa shuleni kwa sababu mwanawe amekosa siku nyingi. Mkalimani hayupo. Nani atakayetafsiri? Mwanawe mwenyewe! Mshtakiwa awa mkalimani wa mashtaka yake. Mwalimu atasema, "Mtoto huyu ni mtoro", mtoto atageuka na kusema, "Mwalimu ananisifu, mama, ila ataka nije mapema zaidi." Mama atatabasamu na kushukuru, na mwalimu ataandika kwamba mzazi huyu, naye, hajali. Msomaji atacheka, lakini mama huyo amepoteza usingizi wa mchana kuja kudanganywa, na heshima yake nyumbani imepungua, kwa kuwa mtoto amejua kwamba ufunguo wa nyumba ameushika yeye.

Yuko atakayetupinga kwa upande mwingine, naye tumjibu. Atasema: "Fedha si kitu, nyumba ndiyo yote. Hata Coleman alisema." Kweli, mwaka 1966 James Coleman na wenziwe walitoa taarifa kubwa kwa Serikali, baada ya kuwapima wanafunzi zaidi ya 600,000, wakaonyesha kwamba tofauti za watoto zatoka katika hali ya nyumba kuliko katika majengo na vyombo vya shule. Tangu siku hiyo kila asiyetaka kutoa fedha hulitaja jina lake. Walakini taarifa ile ilipima watoto kwa wakati mmoja, kama picha; haikuwafuata hata utu uzima. Waliowafuata ni wengine. Mwaka 2016 Kirabo Jackson, Rucker Johnson na Claudia Persico walichapisha uchunguzi juu ya majimbo yaliyolazimishwa na mahakama kugawa fedha upya, wakaona kwamba nyongeza ya sehemu kumi kwa mia, ikidumu miaka yote 12 ya shule, ilimwongezea mtoto maskini karibu nusu mwaka wa masomo, na alipokuwa mtu mzima mshahara wake ulizidi kwa yapata sehemu tisa na nusu kwa mia. Basi asituambie mtu kwamba fedha si kitu. Mara nyingi asemaye hivyo mtoto wake husoma Alamo Heights.

Tena wamo wasemao: fedha ya Serikali Kuu iondolewe, mambo yarudi kwa wazazi na majimbo. Mwezi wa Machi 2025 Rais Donald Trump alitia sahihi amri ya kuanza kuifunga Wizara ya Elimu, iliyoundwa kwa sheria ya 1979, na amri hiyo ilitaja kuwapa wazazi nguvu. Sisi si watu wa siasa za kule. Twarudi kwenye hesabu yetu ile ile. Katika dola 356 za mtoto wa Edgewood, 108 zilikuwa za Serikali Kuu; katika 594 za Alamo Heights, 36 tu. Ondoa fedha ya Serikali Kuu, mmoja abaki na 248 na mwingine 558. Ni nguvu gani aliyopewa mzazi wa Edgewood hapo?

Lakini na tuseme kweli yote, hata ile isiyotupendeza. Si kila kitu kiitwacho ushirika wa wazazi chaleta faida. Mwaka 2014 Keith Robinson na Angel Harris walitoa kitabu chao baada ya kuchunguza njia nyingi za wazazi kushiriki, wakaona kwamba nyingi hazikuinua alama za watoto: si kuhudhuria mikutano kwa kuhudhuria tu, wala kumsaidia mtoto hesabu za nyumbani. Hili laturudi sisi walimu, maana ndilo tuliaminilo: mzazi mwema ni yule akaaye kitini kwenye mkutano wetu. Kumbe mzazi aweza kukaa kitini mwaka mzima na asiwe na neno lolote katika mambo ya shule.

Kilichofaa ni kipi? Twajua mahali pamoja palipojaribiwa kwa saburi. Mwaka 1968 daktari James Comer wa chuo cha Yale aliingia katika shule mbili za msingi za mji wa New Haven, zenye watoto maskini, karibu wote weusi. Comer mwenyewe ni mtoto wa fundi wa kiwanda cha chuma na wa mama aliyefanya kazi za nyumbani kwa watu, ambaye kwa shule alipata mwaka mmoja au miwili tu, naye aliwasomesha watoto wake watano hata chuo kikuu. Mwana wa mama wa namna hiyo hawezi kudanganywa kwamba mzazi asiyesoma hajali.

Mwaka wa kwanza ulikuwa vurugu: madarasa hayatulii, wazazi wana hasira, walimu wanalaumu. Ndipo ikaundwa kamati ya kuongoza shule, ndani yake mwalimu mkuu, walimu, wazazi na wahudumu wengine. Wazazi wengine wakaingia madarasani kuwasaidia walimu kwa ujira mdogo. Na kamati ilijiwekea miiko: maamuzi kwa kupatana, si kwa kura za kushindana; na tena, hapana kulaumiana, tatizo likitajwa litafutiwe dawa, si mwenye kosa. Mwanzo shule zile zilikuwa mkiani mwa shule zote 33 za msingi za mji. Ilipofika 1984 watoto wao wa darasa la nne walikuwa wa tatu na wa nne kwa alama. Tazama muda wenyewe: miaka 16. Mkuu wa elimu apendaye kuona matunda kabla ya kuhamishwa hataipenda hadithi hii.

Na huko Sacramento, California, tangu mwaka 1998 walimu wameandamana wawili wawili kuwatembelea wazazi nyumbani, kwa hiari ya pande zote na kwa malipo. Hawaendi kushtaki. Huuliza kwanza: mna tumaini gani juu ya mtoto huyu? Desturi hiyo imeenea katika majimbo mengi.

Sasa kwetu. Kenya iliondoa ada za shule za msingi mwaka 2003. Tanzania iliziondoa mwaka 2001, na tangu Januari 2016 hata michango ikakatazwa. Madarasa yalijaa, na jambo hilo twalisifu. Ila siku mzazi alipoacha kutoa fedha, tulimtoa pia katika shauri, kana kwamba shauri lilinunuliwa kwa ada. Kamati za shule zipo kwa sheria, na wazazi wamo. Je, wazazi wa kijiji chenu wamesomewa fedha ya ruzuku iliyoingia mwaka huu na jinsi ilivyotumiwa? Wamewahi kuulizwa jambo kabla halijaamuliwa, au huitwa kupiga makofi? Mzazi asiyejua kusoma ajua kuhesabu magunia yake. Atajua kuhesabu na madawati.

Twajua wenzetu watakasirika, na watasema kwamba darasa la watoto 90 halimwachi mwalimu nafasi ya kuzunguka vijijini. Hoja hiyo ina uzito, wala hatuikatai. Kwa hiyo twataka safari hizo zihesabiwe kuwa kazi na zitengewe siku na malipo, kama kule Sacramento. Mwenye kutaka kutujibu na ajibu. Ila atakapoandika kwamba wazazi wake hawajali, twaomba aandike pia mkutano wake wa mwisho aliuitisha saa ngapi, na tangu Januari amebisha hodi katika nyumba ngapi.